Joto Peke Yake Ni Mzigo: Jinsi Kompoziti za Metali Zinavyogeuka Umbo

Watu wengi wanaoulizia uimara wa metali huanza na swali moja: itabeba kiasi gani kabla ya kukatika? Swali hilo linafaa kwa mnyororo wa nanga unaovutwa kwa nguvu zote katika dhoruba moja, lakini halifai kwa pistoni ya injini, ambayo hukandamizwa mamia ya mara kila dakika, hupata moto kila injini inapowashwa, hupoa kila inapozimwa, na haitarajiwi kukatika hata siku moja. Kwa kifaa cha namna hiyo la kuuliza ni kiasi gani kinageuka umbo katika kila mzunguko wa mzigo, na katika mgeuko huo ni sehemu gani inayorudi na ni ipi isiyorudi. Nimelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu, hasa katika kompoziti za metali, nami nataka kulieleza hapa kwa utaratibu, kwa kuwa maisha yetu Lamu yanategemea pistoni kuliko tunavyofikiri. Unga, simenti na samaki, hata wagonjwa na wanafunzi, huvushwa kwa vyombo vya injini, na yanayotokea ndani ya injini hizo ni ndugu wa karibu wa elimu ninayotaka kuizungumzia.

Kompoziti ya metali ni metali iliyo laini kiasi, mara nyingi alumini au titani, iliyotiwa ndani yake chembe au nyuzi za kitu kigumu kama kabidi ya silikoni, alumina (oksidi ya alumini) au boroni, bila ya viwili hivyo kuyeyukiana. Ukuta wa nyumba ya kale ya Mkomani, mtaa wa zamani wa mji wa Lamu, umejengwa kwa fikra hiyo hiyo: mawe ya matumbawe hayabonyei, na chokaa iliyo baina yake ndiyo inayoyashika, na ndiyo inayopasuka kwanza jengo linapotitia. Ukiweka katika alumini chembe za kabidi ya silikoni kwa asilimia 20 ya ujazo, ukakamavu wake, yaani ukinzani wake dhidi ya kuvutika au kupinda, hupanda kutoka gigapaskali 70 hadi kukaribia 100, maana kabidi yenyewe ina ukakamavu unaozidi gigapaskali 400, na uzito hauongezeki ila kidogo sana. Faida hiyo ndiyo iliyowavutia waundaji wa vyombo vya anga vya Space Shuttle, ambavyo kiunzi cha sehemu yake ya kati kilikuwa na mabomba ya alumini yenye nyuzi za boroni. Mwaka 1983 kampuni ya Toyota ilianza kutumia pistoni za dizeli ambazo sehemu ya mfereji wa ringi ya juu iliimarishwa kwa nyuzi fupi za kauri. Baadaye nyuzi za alumina zilitumika pia kuimarisha ukingo wa bakuli la mwako lililo juu ya pistoni: nyuzi hufinyangwa kwanza ziwe pete nyepesi yenye matundu, pete hiyo huwekwa katika kalibu, kisha alumini iliyoyeyuka husukumwa kwa shinikizo mpaka ijaze kila upenyo.

Tatizo huanza pale pale metali inapoganda. Alumini hutanuka na kunywea sana kwa joto, na kabidi ya silikoni hutanuka kidogo. Fimbo ya alumini ya urefu wa mita 1 ikiongezewa joto kwa digrii 100 za Selsiasi hurefuka kwa takriban milimita 2.3, ilhali fimbo ya kabidi ya silikoni ya urefu huo huo haifiki hata nusu milimita. Ndani ya kompoziti vitu hivi viwili vimeshikana na haviwezi kwenda kila kimoja njia yake. Tuchukue mabadiliko ya joto ya digrii 250, ambayo si makubwa kwa injini ya dizeli. Tofauti ya kutanuka kwao, ikihesabiwa kama sehemu ya urefu wa awali, ni takriban asilimia 0.48. Sasa tulinganishe na uvumilivu wa alumini. Aloi, yaani alumini iliyochanganywa na vitu vingine, inayoanza kugeuka umbo kwa kudumu ikifikia mkazo (nguvu kwa kila kipande cha eneo) wa megapaskali 200 huwa imevutika kwa asilimia 0.29 tu inapofika hapo, na hiyo ni ikiwa baridi. Ikiwa na moto kikomo chake hushuka sana. Kwa hiyo alumini inayoizunguka kila chembe hulazimika kugeuka kwa kudumu bila ya mtu kuigusa, bila ya gesi kuisukuma, bila ya uzito wowote kutoka nje. Kupashwa na kupozwa kumetosha.

Naomba msomaji alikazie macho jambo hilo, maana ndilo kiini cha yote yanayofuata. Katika metali ya kawaida iliyo huru kutanuka, kuipasha sawasawa kisha kuipoza hakuiachii mkazo wa maana, lakini katika kompoziti badiliko la joto lenyewe ni mzigo, nao haubebwi na pande zote mbili kwa usawa, kwa kuwa chembe ngumu haigeuki. Mgeuko wote wa kudumu huangukia metali, na ndani ya metali hujikusanya karibu na chembe, hasa kwenye pembe zake kali.

Nililiona jambo hili kwa ukubwa unaoonekana kwa macho katika karakana ya ami yangu, ambaye ni fundi wa injini za mashua hapa Langoni. Alikuwa amefungua injini ya chombo kinachovusha abiria kwenda Mokowe, akaiweka pistoni moja juu ya meza, akaisugua masizi kwa dizeli na kitambaa, kisha akanipa kioo cha kukuzia. Ukingo wa bakuli ulikuwa na nyufa nyembamba kama unywele, nyingine zikianzia kwenye mdomo wa bakuli na kushuka ndani, na ndefu zaidi zilikuwa pande mbili zinazoelekeana, usawa wa pini inayoiunga pistoni na mkono wake. Hapakuwa na alama ya kuyeyuka wala ya kugongwa.

"Ami, hapa ndipo panapopata joto kuliko pote," nilimwambia.

"Hilo nalijua, mwanangu. Lakini kitu kikipata moto hutanuka, na kikitanuka ufa hujifunga. Huu umefunguka vipi?"

Sijapata kusikia swali lililo bora kuliko hilo kuhusu uchovu wa metali, yaani kuharibika kwake kwa mizigo ya kurudiarudia, unaotokana na joto, na jibu lake linastahili kutolewa kwa ukamilifu. Ukingo wa bakuli unapopigwa na moto wa mwako hutaka kutanuka, na sehemu ya juu ya pistoni ya alumini inaweza kupita digrii 300. Alumini iliyouzunguka ukingo haijapata moto kiasi hicho, nayo haiupishi. Ukingo hubanwa. Kwa kuwa alumini katika joto hilo imekuwa laini, ukingo hujikunja ndani yake na kufupika kwa kudumu, na kadiri injini inavyoendelea kufanya kazi ndivyo mkazo huo wa kubanwa unavyolegea, kwa sababu metali imeshaukubali ufupi wake mpya. Kisha injini huzimwa. Ukingo hupoa na kunywea, lakini sasa ni mfupi kuliko nafasi iliyopangiwa, na metali iliyouzunguka huuvuta kutoka pande zote. Ufa basi hufunguka wakati wa kupoa, pale ambapo mtu angedhani pistoni imepumzika.

Pistoni ile haikuwa ya kompoziti ya kiwandani, lakini haikuwa alumini tupu pia. Aloi za pistoni huwa na silikoni kiasi cha asilimia 12 hivi, na inapoganda silikoni hujitenga na kuwa vipande vigumu vilivyotapakaa ndani ya alumini. Silikoni hutanuka kwa kiwango kidogo kuliko hata kabidi yake. Yale yaliyoupata ukingo mzima kwa kipimo cha milimita yanazipata pia sehemu za alumini zilizo pembeni mwa kila kipande cha silikoni, kwa kipimo cha maikromita (sehemu ya elfu ya milimita), na kila injini inapowashwa na kuzimwa mambo haya mawili hutokea pamoja, moja ndani ya jingine.

Wanaopima tabia hii katika maabara huchukua kipande cha metali, hukipasha joto, hukivuta na kukibana kwa kurudiarudia, na huchora mchoro ambao mkazo uko kwenye mhimili wa wima na mgeuko kwenye mhimili wa ulalo. Kama kila kitu kingerudi kama kilivyokuwa, mchoro ungekuwa mstari mmoja unaopandwa na kushukwa. Kwa kuwa sehemu ya mgeuko hairudi kwa njia iliyokwenda, mchoro huwa kitanzi, na eneo lililo ndani ya kitanzi ni nishati iliyopotea ndani ya metali katika mzunguko mmoja. Mimi huviona vitanzi hivi kuwa na habari nyingi kuliko jedwali lolote la nguvu ya kukatika, kwa sababu upana wa kitanzi hueleza mgeuko wa kudumu, kimo chake hueleza upinzani uliobaki, na jinsi kinavyobadilika kutoka mzunguko hadi mzunguko hueleza metali inaelekea wapi.

Kitanzi cha kompoziti kina sura yake. Johann Bauschinger, aliyefanya kazi Munich, aligundua katika miaka ya 1880 kwamba metali iliyovutwa mpaka ikageuka kwa kudumu huwa nyepesi kugeuka inapobanwa baada ya hapo. Katika kompoziti tabia hiyo huzidi, kwa sababu chembe hubaki zimeushika mkazo wakati metali imeteleza, na mkazo huo ulioshikwa huisukuma metali irudi nyuma. Mara tu mzigo unapogeuzwa, mgeuko wa kudumu huanza mapema, na kitanzi hupinda tangu mwanzo wa safari ya kurudi. Katika mizunguko ya kwanza, ikiwa joto ni la kawaida, kompoziti nyingi za alumini huwa ngumu zaidi, kwa kuwa dosari za mistari katika mpangilio wa atomi, zinazoitwa dislokesheni, huongezeka na kuzuiana. Katika digrii 200 au 300 hali hugeuka. Dislokesheni hupata njia za kukwepana, na vijipande vidogo vya mchanganyiko wa shaba au magnesi ambavyo ndivyo vinavyoipa aloi nguvu hukua, hupungua idadi na kuachana, hata metali ikalegea. Kompoziti hulegea upesi zaidi katika jambo hili, kwa kuwa dislokesheni nyingi zilizozaliwa karibu na chembe tangu siku ya kutengenezwa huharakisha ukuaji huo.

Je, kutia chembe ngumu kunarefusha maisha ya metali inayobeba mzigo wa kurudiarudia? Jibu linategemea mzigo umepangwaje, na hapa ndipo ninapoona wengi wanapotoshwa na matangazo. Ikiwa kilichopangwa ni nguvu, kama shinikizo la gesi juu ya pistoni, kompoziti hugeuka kidogo kuliko alumini tupu chini ya nguvu ile ile, na kwa kawaida hudumu zaidi. Ikiwa kilichopangwa ni mgeuko, kama ilivyo kwa ukingo unaobanwa na majirani zake, mambo hubadilika. Kama asilimia 20 ya ujazo inakataa kugeuka, asilimia 80 iliyobaki lazima igeuke kwa wastani mara 1.25 ya kile kinachoonekana nje, na karibu na pembe za chembe zaidi ya hapo sana. Kompoziti hiyo huweza kuchoka mapema kuliko aloi isiyotiwa kitu. Upande wa pili, nyuzi za alumina hupunguza kutanuka kwa ukingo wote, kwa hiyo mgeuko unaodaiwa nao hupungua. Tena upande wa tatu, nyuzi hizo hupitisha joto vibaya kuliko alumini, na ukingo huweza kuwa na moto zaidi. Mhandisi hana budi kupima yote matatu kwa pamoja, na anayesema kwamba kompoziti ni bora, akaishia hapo, hajasema kitu.

Muda nao ni mzigo. Metali huanza kutambaa, yaani kugeuka polepole chini ya mkazo usiobadilika, joto lake linapokaribia nusu ya joto la kuyeyukia likipimwa kwa Kelvini, yaani digrii za Selsiasi zikiongezwa 273. Alumini huyeyuka kwa Kelvini 933, na nusu yake ni digrii 193 hivi za Selsiasi. Chuma safi huyeyuka kwa Kelvini 1811, na nusu yake inapita digrii 630. Joto ambalo chuma hulichukulia kuwa la kawaida kwa alumini ni tanuri. Chembe ngumu huzuia kutambaa kwa kubeba sehemu ya mkazo, lakini katika joto la juu atomi za alumini huzunguka chembe na kuipunguzia mzigo, na chembe zikiwa ndogo njia ya kuzunguka ni fupi. Ndiyo maana safari ndefu ya kwenda Faza au Kiunga, ambayo injini hukaa saa nyingi katika mzigo mmoja, haiko salama kwa sababu tu ni mzunguko mmoja: mkazo wa kubanwa hulegea wote njiani, na mvuto wa kupoa huwa mkubwa kadiri ulegevu ulivyokuwa mkubwa.

Linalofuata ni mpangilio wa joto na mzigo. Katika titani iliyotiwa nyuzi za kabidi ya silikoni, kila uzi ukiwa na kipenyo cha maikromita 140 hivi, imeonekana wazi kwamba kuvutwa wakati joto liko juu na kuvutwa wakati joto liko chini ni maradhi mawili tofauti. Mvuto na joto vikipanda pamoja, titani hulegea na kuuachia mkazo uende kwenye nyuzi, na nyuzi ndizo zinazokatika. Mvuto ukipanda joto linaposhuka, titani huubeba mkazo ikiwa ngumu, na nyufa huanza ndani yake, huku oksijeni ikizidisha uharibifu. Ukingo wa pistoni uko katika fungu hili la pili. Kipimo cha maabara kilichofanywa kwa joto moja lisilobadilika hakiwezi kuyatenganisha maradhi haya, hata kikifanywa kwa uangalifu wote.

Kuna tabia nyingine ambayo ilinishangaza nilipoisoma mara ya kwanza. Kompoziti ikipashwa na kupozwa kwa kurudiarudia huku ikivutwa na mzigo mdogo sana, mdogo kiasi kwamba usingeigeuza hata kidogo katika joto lisilobadilika, hurefuka kidogo katika kila mzunguko bila ya kurudi. Sababu ni ile ile ya mwanzo: badiliko la joto limeifikisha metali kwenye kikomo chake katika kila mzunguko, na mzigo mdogo hauna kazi ila kuielekeza upande mmoja. Mrefuko wa kila mzunguko hulingana na mzigo huo mdogo, nao hujumlishwa mzunguko baada ya mzunguko. Kifaa kilichohesabiwa kuwa salama kwa kila kigezo cha nguvu huweza kurefuka mpaka kikagusa kisichotakiwa kukigusa.

Mahali chembe inapokutana na metali panahitaji uangalizi wa peke yake, hasa kwetu tulio baharini. Katika joto la kawaida kompoziti iliyochoka mara nyingi huonyesha chembe zilizopasuka katikati. Katika joto la juu, mkazo usipofika wote kwenye chembe, matundu madogo hufunguka kwenye mpaka na kati ya chembe zilizorundikana, kisha huungana. Mpaka ukiwa dhaifu tangu mwanzo kazi hiyo huwa nyepesi. Alumini iliyoyeyuka ikikaa muda mrefu pamoja na kabidi ya silikoni hutengeneza kabidi ya alumini kwenye mpaka, na kitu hicho, licha ya kuwa ni chepesi kuvunjika, hushambuliwa na unyevu, kikageuka kuwa haidroksidi na kutoa gesi ya metheni. Katika hewa yetu ya chumvi na unyevu hilo si jambo dogo. Watengenezaji makini hulizuia kwa kutumia aloi yenye silikoni ya kutosha, karibu asilimia 9 au 10, na kwa kutoipasha alumini iliyoyeyuka kupita kiasi.

Nilipomaliza kumweleza ami alitaka kujua afanye nini, na hapo nilimtajia kanuni ya Wamarekani wawili, L. F. Coffin na S. S. Manson, ambao katika miaka ya 1950, kila mmoja kwa njia yake, waliipata walipokuwa wakichunguza madhara ya joto linalopanda na kushuka. Kanuni hiyo husema kwamba katika metali nyingi idadi ya mizunguko mpaka kuchoka hutegemea upana wa mgeuko wa kudumu katika kila mzunguko, na upana huo ukipunguzwa kwa nusu maisha huongezeka takriban mara tatu hadi nne. Mtu hahitaji kuondoa mizunguko. Kuipunguza ukubwa kunalipa zaidi. Injini ikiwashwa iachwe ipate joto kabla ya kuvutwa kwa nguvu zote, ili ukingo usitangulie mbali sana na sehemu nyingine za pistoni. Inapofika gatini isizimwe ikitoka katika mzigo mzito, bali iachwe ipumue kwa dakika chache, joto lishuke sawasawa. Ami alinijibu kwamba abiria wa Mokowe wanaowahi basi hawangoji mtu apashe injini, na kwamba dizeli inayoungua gatini hulipwa na mwenye chombo. Alikubali hata hivyo kwamba bei ya pistoni na ringi zake, pamoja na siku ambazo chombo kinakaa bila ya kazi, inazidi gharama ya dizeli hiyo kwa mbali, na tangu siku ile huwasisitizia manahodha jambo la kuzima kuliko la kuwasha, kwa sababu wakati wa kuzima abiria wamekwisha kushuka.